Sura ya Babu Pankrasi

Jumatatu, 7 Julai

Kitabu hiki hakisomwi na mtu, kwa hiyo naandika bila unyenyekevu: kama si mimi, Songea ingekuwa bado kijiji. Nani aliwaonyesha watu wa barabara pa kupitisha lami hapa Mjimwema? Mimi Erasmus. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, gari lao likapita, nikanyoosha kidole. Lami ikaja. Miaka mingi baadaye, lakini ikaja.

Leo mji umenihitaji tena. Dorine, mtoto wa marehemu dada yangu, mwalimu na mwimbaji wa kwaya, amekuja na habari. Okestra inakuja! Wazungu wamechanganyika na vijana wa Dar, fidla kubwa kwa ndogo, matarumbeta, ngoma za shaba zenye umbo la sufuria. Watapiga muziki wa zamani wa Ulaya ukumbi wa parokia, na ukutani zitaonyeshwa picha za zamani za kwetu. Wazee wa Majimaji na minyororo shingoni. Askari wa keya, jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma kwenye vita visivyo vyao. Familia yenye picha ya ndugu ambaye hakurudi iilete. Jina litasomwa, kengele itagongwa. Na familia itakaa mstari wa mbele, kwenye viti vyenye mito.

Babu yangu Pankrasi alikwenda Burma na hakurudi. Nikaona mkono wa Mungu.

Jioni nilikwenda kilabuni kutoa taarifa. Nikawaeleza, kwa wale wasiojua, kwamba Babu alikuwa kapteni. Kwamba alimkamata Mjapani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika tonge la ugali, na tonge halikudondoka. Polikarp akaweka kikombe chake cha pombe ya komoni chini. Huyu ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za wazee, ana haki ya kunitukana hata msibani, na haki hiyo hajawahi kuilaza njaa. Akauliza ni mweusi gani alipewa ukapteni enzi zile. Akasema yeye picha ya babu yake anayo, amevaa kofia ya keya, na ataipeleka. Kisha: "Lete na wewe tumwone kapteni. Au naye alikuwa wa kusimuliwa tu, kama ile lami yako?"

Kilabu kizima kikacheka. Nikasema picha ipo. Ipo kwenye sanduku la ukoo.

Hakuna sanduku la ukoo.

Jumanne, 8 Julai

Nimepanda Matogoro kwa Shangazi Kunegunda. Ukungu umelala juu ya mlima, baridi ya kukata masikio. Shangazi ni dada yake marehemu baba, na ndiye mtoto pekee wa Babu Pankrasi aliyebaki hai. Nimemkuta jikoni anakohoa, amejifunga mablanketi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza nimekuja kukopa jembe gani leo.

Nikamuuliza kuhusu picha. Akasogeza kuni motoni. Kisha akasema yeye alikuwa tumboni Babu alipopita barabara ile pale chini na wenzake, wanaimba. Mama yake alimsindikiza mpaka mtoni. Picha hakuna, haikuwahi kuwepo. Amesema ndoto za baba yake anaziota mpaka leo, lakini baba anakuja na kisogo tu. Anaita, hageuki. Amefikisha umri huu hajui baba yake alikuwa na pua ya namna gani.

Halafu akanishika mkono. Akasema, Erasmus, kama kuna picha popote duniani, niletee kabla sijaenda. Nione uso mara moja tu.

Nilikuwa na neno "hakuna" mdomoni kabisa. Lilipotoka likawa "ipo, Shangazi, naifuatilia."

Nimerudi na maboga mawili kwenye baiskeli, kanipa kwa shukrani. Mazito sana.

Alhamisi, 10 Julai

Kichwa changu ni hazina ya taifa. Darasa la tano tu nimefika, lakini la tano la zamani.

Hoja ni hii. Mjukuu hufanana na babu, kila mtu anajua. Basi aliye na sura ya Babu Pankrasi ni nani? Mimi! Kupiga picha yangu na kuiita ya Babu si uongo, ni njia ya mkato.

Nimeazima shati la kaki kwa Salum, mlinzi wa ukumbi wa parokia. Nikamwambia ni la kuchezea igizo. Nikaenda studio ya Osmund, kule Mfaranyaki. Kofia tumetengeneza kwa boksi na kitambaa. Osmund akanisimamisha mbele ya ukuta mchafu, akaniambia nisitabasamu, enzi hizo watu hawakutabasamu. Akaiondoa rangi kwenye kompyuta, akatia mikwaruzo, akaichapa, tukaichovya kwenye chai ya rangi, tukaianika. Ilipokauka hata mimi nilimwogopa yule mtu. Uso wa kishujaa. Macho yanaona mbali, yanaona Burma.

Osmund akasema sikio la kushoto linaonekana limechanika. Hilo mbwa alinirarua nikiwa mdogo. Nikamwambia aache, shujaa lazima awe na kovu. Akauliza tena kama sina hofu, picha ya mtu hai kuwekwa na wafu. Nikamwambia hofu ni ya watu wasiosoma.

Ijumaa, 11 Julai

Nimemkabidhi Dorine. Kaitazama, machozi yakamlenga. Kasema, Mjomba, kumbe tunafanana naye hivi! Wageni wa okestra wametumiwa kwa simu na wamefurahi mno.

Nyumbani, mke wangu Epifania kaona nakala niliyobaki nayo. Kauliza kwa nini nimevaa shati la Salum.

Wanawake hawana heshima kwa historia.

Jumamosi, 19 Julai

Siku kuu.

Mstari wa mbele! Mimi na suti, Shangazi katikati na kanga mpya, Dorine kavaa sare ya kwaya. Polikarp kiti cha nne, na yeye ana babu. Salum mlangoni na rungu lake. Nje baridi, ndani watu wamejaa mpaka madirishani.

Mwenye kijiti aliinua mikono, taa zikazimwa. Ikaanza fidla kubwa ile inayokaa katikati ya magoti, peke yake. Ililia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Mimi nilikuja kwa ajili ya viti, sikujitayarisha kwa kitu kama kile. Ukutani wakatokea wazee wa Majimaji. Wamefungana kwa mnyororo mmoja, shingo kwa shingo, wanatazama kamera kama watu ambao habari yao wamekwisha kuambiwa. Nyuma yangu mama mmoja alianza kuguna kwa sauti ya chini, wakamfuata wengine, fidla nazo zikawa kama zinawangoja.

Kisha wa Burma. Babu wa Polikarp akatokea, kofia imekaa upande. Jina, kengele. Polikarp, mwenye mdomo ule, aliinamisha kichwa akafunika uso. Nikaona vibaya kidogo. Kidogo tu.

Kisha mimi.

Nilikuwa mkubwa kama nyumba! Pua yangu peke yake ingeweza kuezekwa bati. Msomaji akasoma kwa sauti nzito: Pankrasi wa Matogoro, hakurudi. Kengele. Watu wakaitikia apumzike kwa amani. Na mimi nikaitikia, nifanyeje?

Ndipo kutoka mlangoni ikapaa sauti ya Salum: "Jamani, hilo shati langu!"

Watu wakamgeukia. Akarudia, anaonyesha kwa rungu, lile shati lake, kiraka cha begani kashona mwenyewe! Wazee wawili wakamtoa nje kwa upole wakimwambia pole, pole, wakidhani muziki umempanda kichwani.

Nilimtazama Shangazi kwa pembe ya jicho. Alikuwa amesimama. Hatumii miwani kwa mbali, macho yake ya mbali ni mazima. Aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akanigeukia mimi, kisha akaitazama tena. Akaketi. Chozi moja likamtoka.

Nimempa baba yake. Nani mwingine katika mji huu angeweza?

Jumapili, 20 Julai

Utukufu. Baada ya Misa watu wamenipa mikono. Katekista kasema nina sura ya ukoo. Kilabuni nimenyweshwa bure na nimeongeza habari ya mto Babu aliovuka juu ya mgongo wa mamba. Salum nimemwendea na moja ya yale maboga, tumeelewana.

Polikarp kakaa pembeni. Kasema neno moja tu: babu yangu huyo alikuwa na bahati, kang'atwa sikio lile lile kama langu.

Wivu.

Jumanne, 22 Julai

Afadhali nisingeamka.

Dorine kapita kibandani akitoka kuwaaga wageni, wamekwenda zao asubuhi hii. Kanisimulia kwa furaha, kama kituko. Kumbe wale wageni katika picha zao walikuwa na moja ya askari wa keya, imepigwa hapa hapa Songea siku ya kuondoka. Askari mmoja peke yake, na nyuma yake mpiga picha wa wakati ule kaandika: Pankrasi, Matogoro. Walikuwa wameipanga iwe ya mwisho, familia ishtukizwe. Ilipofika ya kwetu wakalinganisha. Sura mbili tofauti kabisa. Wakasema basi huyu wao atakuwa Pankrasi mwingine, wakaitoa ili wasituaibishe.

Dorine kauliza, Mjomba, tuwaombe watutumie, tuone tu?

Nikasema ya nini. Matogoro wamejaa Pankrasi. Nikapiga nyundo kwenye ringi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Sasa inalo.

Alhamisi, 24 Julai

Shangazi kalazwa. Kifua. Ile baridi ya usiku ule wa ukumbini, wanasema.

Nimekwenda na uji wa Epifania. Nikakuta picha yangu, ile iliyotiwa fremu na kamati ya onyesho, iko juu ya kimeza kando ya dawa. Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Akaniambia nisogee. Nikasogea. Akanyoosha mkono, nikadhani ananibariki, akanikamata sikio la kushoto. Mgonjwa, lakini vidole bado ni koleo!

Akasema kwa sauti ya kukwama: siku mbwa wa Padri alipokurarua hapa, nani alikushika? Nani alitafuna majani akabandika? Nikasema ni wewe, Shangazi. Akasema basi nawezaje kutolijua sikio nililolilea? Nilikujua kabla kengele haijagongwa.

Nikauliza, sasa kwa nini alilia. Akasema jina lilikuwa lake. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akilitamka jina la baba yake mbele za watu, na ngoma, na kengele. Hilo limemtosha. Sura ndiyo hakupata.

Akapumzika kidogo. Halafu akauliza, polepole, kama mtoto anayeuliza kama chakula kimebaki: "Ya kweli haipo kabisa, Erasmus?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Dorine ana simu. Wale watu bado wako Dar. Picha ingefika kabla uji haujapoa. Lakini nikiisema, itabidi niseme kwamba walikuwa nayo, kwamba ilitolewa kwa sababu yangu. Dorine atajua. Kilabu kitajua.

Nikasema, haipo, Shangazi.

Akasema sawa. Akaniambia amekwisha kumwagiza Dorine: akizikwa, ile picha ya kwenye fremu iwekwe mikononi mwake. Nikaruka. Nikasema Shangazi, lakini huyo ni mimi! Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ulitaka kuwa baba yangu. Haya, baba atalala na mwanawe. Na usiku nikikukumbuka nitakuja kulivuta hilo sikio.

Muuguzi kaniambia nitoke, mgonjwa asichekeshwe.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepata mpango. Nimemwambia Dorine awaombe wageni ile picha, kwa ajili ya utafiti wangu wa kina Pankrasi wote. Asiseme ni haraka. Ikifika nitamwonyesha Shangazi kwa siri, nimwambie nimeiokota mahali. Kila mtu atapona.

Dorine kawaandikia. Wako angani, simu zimezimwa.

Jumamosi, 26 Julai

Shangazi Kunegunda amefariki alfajiri.

Dorine alikuwepo. Anasema alikuwa anaota, akawa anamwita mtu ageuke.



Jumatatu, 28 Julai

Tumemzika Matogoro. Ukungu mpaka saa nne.

Nimejaribu mara tatu kuiondoa picha. Kwanza nilisema kioo cha fremu ni hatari. Dorine akatoa kioo. Pili nikasema Kanisa haliruhusu. Padri alikuwa nyuma yangu, akasema linaruhusu. Tatu nilipeleka mkono mwenyewe wakati wa kuaga. Epifania akaniminya kiwiko akaninong'oneza kwamba nikimgusa marehemu yeye atapiga yowe.

Jeneza likafungwa. Mimi ndani, na shati la Salum.

Kaburini Polikarp akaanza. Huo ndio utaratibu, mtani ana kazi yake msibani, bila yeye watu hawapumui. Jeneza halijashushwa akarukia ndani ya kaburi na koti lake la Misa, akalala chali, akasema hatoki! Anataka kuku. Watu wakacheka katikati ya machozi, kama inavyotakiwa. Mama mkwe wa mtu akamwambia apishe, wenye nyumba wanafika. Akasema hapana, kuna kesi. Akasema leo hapa panazikwa watu wawili, mmoja kafa na mwingine anajifanya mfiwa. Akanyoosha kidole kutoka shimoni, moja kwa moja kwangu. Akasema kapteni wa Burma huyu hapa, hajafika hata Mbinga! Mtazameni sikio! Mwulizeni Salum, shati lake liko ndani ya sanduku, atarudishiwa Siku ya Mwisho!

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, kwa nguvu kuliko wote. Ndio uzuri wa utani, ukweli ukisemwa na mtani hauwi ukweli, unakuwa burudani. Nikamtupia kuku. Akapanda juu, akajipangusa udongo, na alipopita karibu yangu hakuwa anacheka. Akasema alimpenda sana Shangazi. Kwamba asingemwacha afe bila sura ya baba, hata babu yake mwenyewe angempa, picha ile ile yenye kofia. Ilikuwa ni mimi kuomba tu.

Dorine hakucheka hata kidogo. Alikuwa analitazama sikio langu.

Alhamisi, 31 Julai

Dorine kaja jioni. Kasema shikamoo, Mjomba. Akaweka bahasha juu ya meza, akaondoka.

Nimeifungua. Askari kijana, peku, kofia mkononi, kasimama mbele ya ukuta wa boma. Hafanani na mimi hata kidogo. Paji la uso la Shangazi. Vile vimacho vidogo vya Shangazi, vya mtu anayekuuliza umekuja kukopa nini leo. Mdomo wa Shangazi kabisa. Na hakupi kisogo, anatazama mbele, anakutazama wewe.

Epifania kaitazama muda mrefu, kaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia kuna mambo ya kiume ya kuamua.

Nimefikiri kwa makini. Nikaipeleka kilabuni. Wote walikuwepo, Polikarp naye, kuku wangu kamla tayari. Picha ikapita mikononi. Wakaniuliza huyu ni nani tena. Polikarp hakuuliza, alikuwa ananitazama, ananingoja. Nadhani aliniombea.

Nikasema huyu ni mpishi wa Babu. Pankrasi mdogo. Alikuwa anambebea Kapteni sufuria huko Burma. Kijana mzuri, lakini mwoga.

Polikarp akainuka akaenda nyumbani bila kumaliza komoni yake. Nimeimalizia. Kesho nampa Osmund kazi: nataka picha ya Bibi, mke wa Kapteni. Dorine aliwahi kusema okestra itarudi mwakani, na Bibi naye lazima alifanana na mtu. Epifania akikataa kukaa mbele ya kamera nitajifunga kanga mwenyewe.

Jambo moja dogo, na lisitoke kwenye kitabu hiki. Tangu mazishi silali gizani, Epifania analalamikia umeme. Na nalala na kofia ya sufu, nimeivuta mpaka shavuni, upande wa kushoto.